Miaka Themanini ya Saeed

Mume wangu Saeed alijua Marekani itaharibikiwa mwaka gani, lakini hakujua mwanawe anavaa kiatu namba ngapi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu.

Elimu hiyo alirudi nayo kutoka Ohio, alikopelekwa na serikali miaka ya sabini kusomea mambo ya mipango. Huko alikutana na mwalimu mmoja wa historia aliyemtia kichwani kwamba taifa lile huenda kwa mizunguko. Kila miaka themanini hivi, umri wa mtu aliyekula chumvi nyingi, hupatwa na msukosuko unaopindua kila kitu. Kisha hutulia, hushiba, watoto wa waliotaabika huchoka kusikia habari za taabu, wajukuu huanza kugombana, na vitukuu huingia katika msukosuko mwingine kwa sababu hakuna tena aliye hai wa kuwaambia kwamba moto unaunguza. Walipigania uhuru wao. Miaka themanini na kitu wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Themanini nyingine, vita vya dunia. Vizazi vinne, kila kizazi miaka ishirini, na hesabu inarudi mwanzo.

Kila Alhamisi alasiri rafiki zake walikuja nyumbani kwetu Hail, hapa Maskati, watu wa Unguja ya zamani ambao sasa walikuwa wakubwa wa maofisi kule Qurum, na Saeed aliwasomesha somo hilo kwenye majlis, sebule yetu ya wageni, huku mimi nikipitisha kahawa na halwa. Thani, mwenye duka la vitambaa Matrah, ndiye pekee aliyethubutu kumjibu. Alimwuliza miaka hiyo themanini ni ya jua au ya mwezi, maana kwa ya mwezi Marekani imeshachelewa. Siku nyingine alileta hoja yenye uzito zaidi. Alisema mzunguko mmoja Saeed ameuanzia pale vita vilipoanza, mwingine pale vilipokwisha, na ukihesabu kwa haki unapata mara themanini na tano, mara sabini na sita. Saeed akasema mizunguko si saa ya ukutani, hucheza kidogo. Thani akasema ikiwa ni kucheza, basi hata mkewe ana mzunguko, hununa kila baada ya siku tatu au thelathini. Tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu wakati ule yalikuwa maneno ya kahawa tu.

Lakini watu wetu ni lazima uwajue. Mwaka 1964 baba yake Saeed alikuwa na wanawe wote katika nyumba moja mjini Unguja, na wote waliokuwemo siku ile wakapatikana pamoja. Ndugu zake watatu na mama yao walikufa. Saeed alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa ameshinda shamba kwa mjomba wake. Ndiyo maana yuko hai. Baada ya mwaka ule familia zetu nyingi zilijiwekea sharti bila ya kulitangaza: watoto hawawekwi nchi moja. Mmoja atakaa Maskati, mmoja Uingereza, mmoja Dubai, mmoja atabaki Dar es Salaam, ili nchi moja ikipinduka wengine wawe na pa kumpokea. Ingia nyumba zetu hapa utaona picha za watoto zimepangwa ukutani, na kwa kila picha mama atakutajia mji. Watu hutuonea wivu, husema watoto wetu wameenea duniani. Ni khofu ile ile, imevaa suti.

Wenzetu walitawanya watoto kwa kubahatisha. Saeed alitawanya kwa hesabu. Alisema msukosuko wa Marekani hautaanza kabla ya 2005, kwa hiyo mwanetu Fahd akienda 1995 atakuwa na miaka kumi ya raha. Atasoma, atapata kazi, atapata makaratasi. Msukosuko ukija utamkuta ameshashika mizizi, na ukishapita atakuwa miongoni mwa watakaoirithi nchi. Aliyasema haya kama mtu anayepanda mnazi. Fahd alikuwa na miaka kumi na minane, mtoto wangu wa kwanza, na Chuo Kikuu cha hapa kilikuwa karibu na nyumba yetu kiasi kwamba angekuja kula chakula cha mchana kila siku.

Nilipinga. Nililia, nikanuna, nikahamia kwa ndugu zangu. Saeed hakupandisha sauti hata mara moja. Alimwambia Fahd kwamba asipokwenda, radhi yake hana. Hapo maneno yakawa yamekwisha, maana mtoto wa kwetu ataacha chakula, ataacha mchumba, lakini radhi ya baba haiachi. Nikarudi nyumbani kumfungia mwanangu nguo.

Miaka minne baadaye Khawla, mdogo wake, alikwenda Leeds kusomea dawa. Uingereza Saeed hakuipigia hesabu. Alisema ile imeshazeeka, haina tena cha kupinduka. Nyumba ikabaki na vyumba vitano na watu wawili, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa akizungumza na televisheni.

Ilipofika Septemba 2001 Fahd alikuwa ameshaoa huko Ohio. Mkewe Mahbuba alikuwa binti wa watu wa Mombasa waliohamia kule, na walikuwa wamepata mtoto wa kike mwaka ule ule, Aya. Nilikaa mbele ya televisheni nikiuma ukucha na kupiga simu isiyoingia. Saeed alikaa pembeni yangu, na nilipomgeukia ili anishike mkono nikamkuta anahesabu kwa vidole. Alisema msukosuko umekuja mapema kidogo, lakini umekuja.

Mwaka uliofuata Fahd alipiga simu akasema anataka kurudi. Wanaume wenye majina kama lake walikuwa wakiitwa kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole, na jirani aliyekuwa akimsaidia kufyeka majani sasa hamwitikii salamu. Alitaka kuja Hail, yeye na mkewe na mtoto, aanze upya. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaamua shuka zipi nitatandika. Saeed akaichukua simu mkononi mwangu. Alimweleza kwa upole kwamba huu ni msimu mbaya wa mzunguko, utachukua miaka ishirini au karibu yake, na anayetoka wakati wa shida atakuta mlango umefungwa wakati wa neema. Kisha akalitaja tena lile neno la radhi. Fahd akabaki. Chumba nilikitandika hivyo hivyo, na shuka zikafifia rangi kwa kufuliwa bila ya kulaliwa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba ule msukosuko nao haukukaa. Baada ya miaka michache Wamarekani walikuwa wakinunua majumba kama watu wanaonunua mchicha, na Fahd naye alinunua. Nilipomkumbusha, Saeed akasema 2001 ilikuwa dalili tu, mwanzo wenyewe bado. Ile tarehe ilikuwa ikitembea, na popote ilipotua ilimkuta ameshakaa anaingoja. La kuvunda halina ubani, nikaenda kuosha vikombe.

Basi 2008 mabenki ya kule yakaanguka. Alhamisi ile Saeed alikwenda mwenyewe Matrah akanunua halwa ya zafarani, ile tunayowekea watu wa harusi, akawapokea rafiki zake akiwa amevaa dishdasha mpya. Alikuwa na haki ya kufurahi, kama mtu anaweza kuwa na haki hiyo. Themanini kasoro mwaka mmoja tangu ile dhiki kuu ya uchumi ya babu zao, hata Thani asingeweza kuipinga. Thani hakula halwa. Alikiweka kibakuli chini, akasema, "Mwanao yumo humo, Saeed." Saeed akamjibu kwamba ndiyo, na yuko tayari.

Fahd hakuwa tayari kwa lolote. Kazi ilikwisha, benki ikaichukua nyumba, na yeye na Mahbuba na mtoto wakahamia sebuleni kwa dada yake Mahbuba. Habari hizi nilizipata kwa vipande, kwa sababu simu zake sasa zilikuwa na baba yake, mlango wa chumba umefungwa.

Mwezi wa Novemba alikuja. Alikuja na Aya, bila ya Mahbuba. Nilikuwa sijamwona mwanangu kwa miaka, na alipotoka pale uwanja wa ndege nilimtambua kwa mwendo, kwa sababu uso ulikuwa umekwisha. Pembeni yake kasimama msichana wa miaka saba, kabeba mkoba wake mwenyewe, ana miguu ya babu yake. Nilimkumbatia nikamwita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wake wa kike. Hakuelewa. Baba yake alimweleza kwa Kiingereza, akatabasamu, akasema ahsante.

Wallahi, siku za mwanzo nilikuwa peponi. Nilimpikia mikate ya maji, nikamsuka nywele, nikampitisha kwa majirani wote. Kila mtu alimsifu. Mtoto gani huyu ana adabu hivi? Akipewa maji anashukuru, akimaliza kula anabeba sahani, nguo zake anazikunja mwenyewe na kuziweka pembeni ya kitanda kama za mgeni. Haombi kitu. Akitaka kufungua friji anauliza kwanza. Saeed alisema watoto wa Marekani wa sasa ndio watakaokijenga kizazi cha mashujaa, hesabu inasema hivyo.

Mimi nilimtazama, na siku ya nne moyo ukanishuka. Adabu ile niliijua. Mimi mwenyewe mwaka 1964 nilikuwa na miaka tisa, na mama yangu alinifikisha Mombasa kwa shangazi yake, akanikalisha kwenye mkeka na wanasesere wa matambara, akasema anakwenda sokoni. Alikwenda Arabuni. Nilikaa kwa shangazi mpaka nikawa mwari, na hapakuwa na mtoto Mombasa nzima mwenye adabu kama mimi. Nilifagia kabla ya kuambiwa. Nilisema ahsante kwa kila tonge. Mtoto aliyeachwa huwa hivyo, anajua yuko pale kwa hisani, na hisani humalizika. Nilipokuja kukutana na mama yangu hapa Matrah nilimpa mkono, nikamwita bibie. Alilia siku ile mpaka akaugua, na mimi nilikuwa namtazama kama ninavyowatazama wageni.

Nikamwita Fahd jikoni nikamwuliza. Hakuficha. Ilikuwa imeshapangwa kwa simu baina yake na baba yake. Yeye na Mahbuba watabaki Ohio kuyangojea makaratasi yao, wakihama kabisa watayapoteza. Aya kazaliwa kule, yeye mlango wake hauna kufuli, atarudi siku yoyote. Kwa sasa atakaa na sisi, atasoma skuli nzuri Qurum, atajua Kiarabu na Kiswahili. Mpaka lini, nikamwuliza. Akasema baba anasema mpaka ipite. Nikamwuliza kama mtoto anajua. Akasema amemwambia awe mzuri, ili bibi yake ampende.

Kisha akaniomba. Jumamosi nimchukue Aya nikamtembeze Matrah, nimnunulie bangili sokoni, na sisi tukirudi yeye atakuwa ameshapanda ndege. Bora asione, alisema. Atalia siku mbili kisha atazoea.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Nilimtaka mtoto yule. Nilimtaka kwa miaka yote kumi na mitatu ya vyumba vitupu, nikamtaka kwa wivu na kwa uchoyo, na nilichotakiwa kufanya ni kuwasha gari tu na kwenda kununua bangili. Ijumaa ile Mahbuba alipiga simu. Wakati ule alikuwa akipanga mizigo kwenye ghala zamu mbili kwa siku. Aliniuliza kama Aya anakula, akanambia uji wake usitiwe maziwa, na kwamba akilala hupenda mlango uachwe wazi. Nikangoja aseme la zaidi. Hakusema, lakini simu hakuikata, na mimi nikawa nasikia anavyovuta pumzi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sisi wawili tuliujua sawasawa, kila mtu upande wake.

Jumamosi tulikula mapema. Saeed alikwisha kula akamwambia Aya kwamba leo bibi atampeleka mahali pazuri. Fahd alikuwa akitazama sahani.

"Sendi Matrah," nilisema.

Saeed aliniambia jambo hili limeshazungumzwa. Nikamwambia wamelizungumza wao, mimi nilikuwa napika. Kisha nikamgeukia mwanangu, na sauti yangu haikutetemeka, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

"Fahd, radhi yangu nakupa yote, wala sikudai kitu. Lakini ukimwacha mtoto huyu hapa, radhi hiyo huna. Mrudishe kwa mama yake."

"Mama, sisi tunalala sakafuni sebuleni kwa watu. Nimrudishe wapi?"

"Hapo hapo sakafuni, baina yako na mama yake."

Saeed alisema mwenye akili hamrudishi mtoto penye moto. Akaanza kunieleza, kana kwamba nilikuwa sijasikia, kwamba kipindi kama hiki kule huchukua miaka ishirini, kwamba hesabu imethibiti mara tatu katika historia yao. Nilimkatiza. Katika ndoa yetu nilikuwa sijawahi kumkatiza mbele ya watoto.

"Saeed, mizunguko ya Marekani siijui. Wetu naujua. Wetu hauna haja ya miaka themanini, kila anapozaliwa mtoto mmoja unaanza upya. Mama yangu kanitupa mimi, wewe umemtupa Fahd, na Fahd leo kaja na begi la mwanawe."

Aya, ambaye hakuelewa neno la Kiswahili chetu, alielewa nyuso zetu. Aliteremka kwenye kiti, akachukua sahani yake na ya baba yake, akazipeleka jikoni.

Alasiri ile Fahd aliondoka naye. Alinibusu mkono na paji la uso, akaniomba nimsamehe, nikamwambia sina la kusamehe, aende salama. Aya alinishukuru kwa kumkaribisha. Nilisimama mlangoni mpaka gari likaingia barabara kuu, nikarudi ndani nikayakunja mashuka yake. Nililia, ndiyo, lakini kilio changu kilikuwa na fahari. Siku zile Saeed hakuzungumza na mimi, alikuwa akienda kula kwa Thani, na mimi nilitembea ndani ya nyumba ile tupu nikijiona mrefu. Nilijiambia kwamba kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtoto amerudi kwa mama yake. Nilijipongeza hata kwa kumkosa.

Wiki ilipopita simu ililia, na aliyepiga alikuwa Khawla. Alinambia nisiwe na wasiwasi wowote, Aya yuko kwake Leeds. Ndege ilipotua London, Fahd alipanda treni na mtoto mpaka kwake, akamwachia, akaendelea na safari yake. Alikuwa amempigia baba yao kutoka uwanja wa ndege, na baba yao ametoa radhi. Mahbuba amearifiwa. Ni kwa muda tu, mama, alisema, mpaka mambo yatulie kule.

Saeed alikuwa amekaa kochi la pili. Alijua ni nani kwenye simu na alijua ninaambiwa nini, alikuwa akijua wiki nzima. Alisema, bila ya ubaya wowote, kwamba kwa hesabu yake mambo yatatulia kama mwaka 2028, na Aya atakuwa mwanamke mzima.

Nilimpa mgongo. Nikamwuliza Khawla kama mtoto analia.

"La, mama, hata kidogo," alisema, na alikuwa amefurahi kweli. "Sijapata kuona mtoto ana adabu kama huyu. Kila kitu anasema ahsante."